Maisha ya David Octavius Hill, Aliyewapiga Watu Picha kwa Nuru ya Jua

Siku hizi ni vigumu kuona arusi, au siku ya kipaimara, au mchungaji akiwekewa mikono, pasipo watu kukusanyika uwanjani mbele ya kanisa ili wapigwe picha. Jambo hili limekuwa la kawaida hata twaliona kana kwamba limekuwapo sikuzote. Walakini kila kazi ina watu walioitangulia, wakahangaika nayo ilipokuwa ngumu, ili sisi tulio nyuma yao tuione nyepesi. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mmoja wao, mtu wa Uskoti, jina lake David Octavius Hill. Hakuwa yeye aliyevumbua picha za nuru. Bali alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza walioonyesha kwamba sura ya mwanadamu yaweza kuchukuliwa nje ya nyumba, kwa jua peke yake, nayo ikawa na uzito na uhai kama ile iliyochorwa na fundi mkuu. Tena jambo lililomwingiza katika kazi hiyo lilikuwa jambo la kanisa. Kwa hiyo habari zake zatuhusu mara mbili.

Hill alizaliwa mwaka 1802 katika mji wa Perth. Baba yake, Thomas Hill, alikuwa muuza vitabu na mchapishaji. Jina Octavius ni la Kilatini, nalo lina maana ya wa nane, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa nane nyumbani mwao. Tangu ujana wake alipenda kuchora, naye akaenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kujifunza kazi hiyo. Akajifunza pia namna ya kuchapa picha kwa jiwe, ambayo wakati ule ilikuwa kazi mpya. Na mwaka 1821, alipokuwa kijana bado, picha zake za milima na mito ya kwao zilichapishwa. Basi akawa mchoraji wa nchi: mabonde, madaraja, magofu ya ngome, na mawingu ya jioni.

Tangu mwaka 1830 alikuwa katibu wa chama cha wachoraji wa Uskoti, akaishika kazi hiyo karibu miaka 40. Watu walimpenda kwa upole wake na kwa jinsi alivyojua kupatanisha wenzake. Mwaka 1837 alimwoa Ann Macdonald, nao wakapata binti, jina lake Charlotte. Walakini Ann alifariki mwaka 1841, na Hill akabaki mjane mwenye mtoto mdogo, umri wake haujafika miaka 40. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa heshima, mwenye kazi na mwenye huzuni, hata ilipotokea siku iliyogeuza maisha yake.

Katika Kanisa la Uskoti palikuwa na ugomvi wa miaka mingi. Kwa sheria ya nchi, mwenye mashamba makubwa aliweza kuuweka mchungaji juu ya usharika, hata kama Wakristo wa mahali pale hawamtaki. Wengi katika kanisa walisema kwamba jambo la kumwita mchungaji ni la usharika, wala si la mwenye mali wala la serikali. Mabaraza ya hukumu yakawashinda, na Bunge la London halikuwasikiliza. Ndipo tarehe 18 Mei mwaka 1843, mkutano mkuu wa kanisa ulipokusanyika katika kanisa la Mtakatifu Andrea mjini Edinburgh, mwenyekiti akasoma barua ya kupinga, akaiweka mezani, akainama, akatoka nje. Nyuma yake wakatoka wachungaji na wazee, mstari mrefu, wakapita njiani katikati ya watu wengi mpaka nyumba kubwa iitwayo Tanfield. Huko wakaanzisha Kanisa Huru la Uskoti, na Thomas Chalmers, mwalimu mkuu wa theolojia, akawa mwenyekiti wao wa kwanza.

Siku tano baadaye wakatia sahihi hati ya kuyaacha yote. Na hapo tusipite upesi. Wachungaji 474, katika wachungaji 1,200 hivi wa kanisa lote, waliyaacha makanisa waliyohubiri, na nyumba walimolala watoto wao, na mshahara wao wote. Hawakujua watakula nini mwaka ujao. Wengine walihubiri baadaye ghalani, au ufukoni, au chini ya turubai. Mahali paitwapo Strontian mwenye nchi alikataa kuwapa kiwanja, nao wakajenga kanisa la chuma lenye kuelea majini, wakasali humo.

Hill alikuwapo katika siku hizo, akayaona kwa macho yake. Moyo wake ukawaka. Akaazimia kuchora picha moja kubwa ya mkutano ule wa Tanfield, wachungaji wakitia sahihi, kila mmoja kwa uso wake mwenyewe, ili watoto na wajukuu wajue ni watu gani waliofanya jambo lile. Walakini mara akaona shida yake. Alikuwa mchoraji wa milima, si wa nyuso. Na watu wenyewe walikuwa mamia, nao walikuwa karibu kutawanyika, kila mtu kwenda kwao, wengine mpaka visiwa vya mbali. Kumkalisha mtu mmoja na kuchora uso wake vema kwahitaji saa nyingi. Mamia wangehitaji miaka, na katika miaka hiyo wazee wangekufa.

Hapo ndipo alipomsaidia Sir David Brewster, mtaalamu mkuu wa mambo ya nuru, aliyekuwa naye katika Kanisa Huru. Brewster alikuwa rafiki wa William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyevumbua mwaka 1840 njia ya kuchukua picha juu ya karatasi, iitwayo kalotaipu. Huko Uingereza Talbot alikuwa na hati ya sheria iliyowakataza wengine kuitumia njia hiyo bila kulipa, lakini hati hiyo haikufika Uskoti. Tena katika mwezi uleule wa Mei 1843, kijana mmoja alikuwa amehamia Edinburgh kufanya kazi ya kalotaipu. Jina lake Robert Adamson, mwana wa mkulima wa karibu na mji wa St Andrews, mwenye umri wa miaka 22. Alikuwa ametaka kuwa fundi wa mitambo, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu. Ndugu yake, daktari John Adamson, ndiye aliyemfundisha kazi ya picha. Brewster akawakutanisha wawili hao, na baada ya muda mfupi wakawa washirika.

Yafaa tueleze kazi yenyewe ilivyokuwa, ili msomaji aone ugumu wake. Walichukua karatasi njema ya kuandikia, wakaipaka dawa zenye fedha ndani yake, wakaikausha. Walipokuwa tayari kupiga picha, waliipaka tena dawa ya fedha iliyochanganywa na dawa itokayo katika vinundu vya mti wa mwaloni. Karatasi hiyo ikatiwa katika sanduku lenye giza, ambalo mbele yake pana jicho la kioo, ndiyo kamera. Jicho likifunguliwa, nuru itokayo kwa mtu yaingia na kugusa karatasi. Kisha, katika chumba chenye giza, karatasi ikapakwa dawa tena, na sura ikatokea polepole. Walakini ilitokea kinyume: penye nuru pakawa peusi, penye kivuli pakawa peupe. Ikasafishwa kwa dawa nyingine isiharibiwe na nuru, nayo ikatiwa nta ipate kupenya mwanga. Mwisho ikalazwa juu ya karatasi nyingine, iliyolowekwa maji ya chumvi na kupakwa dawa ya fedha, zikawekwa zote mbili juani. Na juani ndipo picha ya kweli ilipojichora. Kwa karatasi moja ya kinyume waliweza kutoa picha nyingi zilizo sawasawa. Faida hiyo haikuwamo katika njia ya Kifaransa ya wakati ule, iliyotoa picha moja tu juu ya bamba la fedha.

Basi kazi hiyo yote, tangu mwanzo hata mwisho, ilikuwa kazi ya jua. Taa za wakati ule hazikutosha hata kidogo. Nyumba ya Adamson, iitwayo Rock House, ilikuwa juu ya kilima cha Calton, palipoinuka juu ya moshi wa mji. Maana Edinburgh ilijulikana kwa moshi wa makaa. Nje, upande wa jua, ndipo walipofanya chumba kisicho na paa. Walitoa meza, viti, mapazia na vitabu, wakavipanga ili pafanane na chumba cha mchungaji cha kusomea. Ukitazama vema picha zao, mara nyingine waona majani ya mmea kando ya pazia, au mawe ya ukuta nyuma ya kiti. Mtu yule ameketi nje, na upepo unampiga.

Hata penye jua kali, mtu alipaswa kutulia dakika moja au zaidi. Akitikisika, uso wake ulikuwa kama umefunikwa na ukungu. Kwa hiyo Hill alijifunza kumpa kila mtu mahali pa kuegemea: mkono chini ya kidevu, kiwiko juu ya vitabu, kichwa juu ya mgongo wa kiti. Wachungaji wengi waonekana kana kwamba wamezama katika fikira nzito. Na kweli labda walikuwa wakifikiri, lakini tena walikuwa wakijizuia wasitikisike. Watu waliosimama wawili au watatu aliwafungamanisha, mmoja akaweka mkono begani mwa mwenzake, hata utulivu uliolazimishwa na karatasi ukafanana na utulivu wa urafiki. Hii ndiyo akili ya fundi: kuchukua udhaifu wa chombo na kuufanya uwe uzuri wa kazi.

Nuru pia aliitawala kwa hekima. Jua la moja kwa moja huchimba vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua. Hill alimgeuza mtu kidogo, nuru imwangukie kwa upande, hata nusu ya uso ikang’aa na nusu ikaingia kivulini. Na walitumia kioo cha kurudisha nuru ili kivuli kisiwe shimo. Mavazi ya wachungaji yalikuwa meusi, na nyuma yao palikuwa peusi. Basi uso, na kitambaa cheupe cha shingoni, na mkono, na ukurasa wa kitabu, hivyo peke yake vilitoka gizani. Watu wa wakati ule walipoziona walimkumbuka Rembrandt, mchoraji mkuu wa Uholanzi. Tena karatasi ya kalotaipu haikuonyesha kila unywele kama bamba la fedha. Nyuzi zake zililainisha kila kitu. Wengine waliona hayo kuwa kasoro, lakini Hill alisema kwamba ndiyo uhai wa picha, kwa sababu zilifanana na kazi ya mtu yenye kasoro, wala si kazi kamilifu ya Mungu iliyopunguzwa sana.

Mwanzo Hill aliziona picha hizo kuwa msaada tu, kama mchoraji anavyochora haraka kwa makaa kabla ya kushika rangi. Lakini kwa muda mfupi kazi ikamzidi nguvu. Baada ya wachungaji wakaja waandishi, wachoraji, askari, mabibi na watoto. Akaja Hugh Miller, aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Witness, gazeti lililowatetea watu wa Kanisa Huru. Miller katika ujana wake alikuwa mwashi wa mawe. Basi walimpiga picha katika mikono ya shati, ameegemea jiwe, na chombo cha mwashi mkononi, wala hakuionea haya kazi yake ya zamani. Mwaka 1845 akaja mchungaji Peter Jones, kwa jina la kwao Kahkewaquonaby, aliyezaliwa na mama wa kabila la Ojibwe katika nchi ya Kanada. Alikuwa akisafiri katika Uingereza na Uskoti kutafuta fedha za shule za watu wake. Alipigwa picha kwa mavazi ya Kizungu, na tena kwa mavazi ya kwao. Nazo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa zilizochukuliwa za mtu wa kabila la wenyeji wa Amerika ya Kaskazini.

Walakini picha ambazo watu wa leo huzistaajabia kupita zote si za wakuu. Mwendo mfupi kutoka Edinburgh, kando ya bahari, pana kijiji cha wavuvi kiitwacho Newhaven. Wanaume walikwenda baharini katika mashua zisizo na sitaha, na mara nyingi hawakurudi. Wanawake walitia chambo katika ndoana, wakapokea samaki, wakajitwika vikapu vizito mgongoni, wakapanda mpaka mjini kuuza, wakiita njiani. Hill na Adamson walikishusha chombo chao mpaka kijijini. Wakampiga picha mvuvi ameegemea mashua yake, na watoto wameketi chini ya ubavu wake. Wakampiga mwanamke mchuuzi amesimama na kikapu chake, macho ameyainamisha, mkono umetulia. Wakampiga mchungaji James Fairbairn akiwasomea wanawake wa samaki, nao wamejikusanya kumzunguka.

Twaomba msomaji aangalie jambo moja hapa. Nuru iliyowekwa juu ya mwanamke yule mwenye kikapu ni ileile iliyowekwa juu ya Thomas Chalmers. Hakuchukuliwa kwa haraka, wala hakufanywa kitu cha kuchekesha watu wa mjini. Alipangwa kwa uangalifu uleule, akangojewa kwa muda uleule. Mwaka 1844 walitangaza kwamba watatoa kitabu cha picha za wavuvi hao. Kitabu hicho hakikutoka, lakini picha zikabaki; na wengi husema kwamba hazikutanguliwa na picha nyingine zilizochukuliwa kwa kusudi la kueleza maisha ya watu wa kazi katika kijiji kimoja.

Katika miaka minne na nusu walitoa picha 3,000 hivi. Tukumbuke kwamba katika mwezi wa Desemba mchana wa Edinburgh ni wa saa saba tu, nalo jua hupita chini karibu na paa za nyumba, ikiwa mawingu yaliacha lionekane. Kila siku ya mwangaza ilikuwa kama siku ya mavuno. Mwanamke mmoja, Jessie Mann, aliwasaidia katika kazi, naye ahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uskoti walioshika kazi ya picha.

Lakini afya ya Adamson haikuweza kuvumilia. Akarudi kwao St Andrews, na tarehe 14 Januari mwaka 1848 akafariki, umri wake miaka 26. Thomas Chalmers alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Hapo kwaonekana kwamba haraka ya Hill haikuwa bure: nyuso alizotaka kuziokoa zilikuwa zikiondoka kwelikweli, na pamoja nazo akaondoka yule aliyemsaidia kuziokoa.

Watu wamebishana tangu zamani, ni nani kati ya wawili hao astahiliye sifa. Kwa muda mrefu Hill alisifiwa kuwa msanii, na Adamson akahesabiwa kuwa mpaka dawa tu. Sisi twaona matukio yenyewe yamejibu. Baada ya kifo cha Adamson, Hill aliacha karibu kabisa kupiga picha. Katika miaka ya 1860 alijaribu tena pamoja na mtu mwingine, jina lake Alexander McGlashan, lakini picha hizo hazikufikia zile za kwanza. Jicho lilikuwa lilelile, na jua lilelile. Aliyekosekana ni yule kijana. Wala Hill mwenyewe hakulificha jina lake. Picha zao zilipoonyeshwa mbele ya watu, iliandikwa kwamba kazi imefanywa na Adamson, na Hill ameiongoza. Katika sharika zetu pia wako watu wanaotengeneza taa, wanaonakili muziki wa kwaya, wanaopanga viti kabla ya ibada. Kazi yao huonekana siku wasipokuwapo.

Hill akairudia picha yake kubwa. Miaka ikapita, naye bado anachora. Binti yake Charlotte akaolewa, kisha akafariki mwaka 1862. Ndivyo Hill alivyomzika mtoto pekee aliyekuwa amebaki naye. Mwaka uleule akamwoa Amelia Paton, mwanamke aliyejua kuchonga sanamu, naye ndiye aliyemtia nguvu amalize kazi. Amelia huyu, baadaye, ndiye aliyemchonga David Livingstone katika sanamu isimamayo mpaka leo katika bustani za Princes Street mjini Edinburgh. Ndiye Livingstone yule ambaye watu wa Ujiji walimwona kwa macho yao. Nalo Kanisa Huru, ambalo kuzaliwa kwake Hill alikuwa akikuchora, ndilo lililoanzisha mwaka 1875 misioni ya Livingstonia katika nchi ya Ziwa Nyasa. Basi mambo ya Tanfield hayakukaa Uskoti tu.

Mwaka 1866, baada ya miaka 23, picha ikamalizika. Upana wake ni zaidi ya meta tatu, na ndani yake mna nyuso 457. Hill alijichora mwenyewe ndani yake, na karibu naye akamchora Adamson pamoja na kamera yake, ingawa alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 18. Naye Thomas Annan, mpiga picha wa Glasgow, akaipiga picha kubwa hiyo ili nakala zake ziuzwe kwa watu.

Yatupasa kusema kweli: wajuzi wengi huiona picha ile kuwa nzito na iliyosongamana. Nyuso zimejaa kama mbegu katika boga, kila moja yataka kuonekana, na jicho halijui litue wapi. Tena kwa kuwa miaka ilipita, wengine walichorwa wakiwa wazee kuliko walivyokuwa siku ile, na wengine ambao hawakuwapo walitiwa ndani. Hill aliitoa miaka 23 ya maisha yake kwa picha ile, akadhani ndiyo itakayodumu. Lakini vile vipande vya karatasi alivyovifanya kuwa msaada tu, ndivyo vilivyodumu na kuenea. Katika miaka ya 1890 James Craig Annan, mwana wa Thomas, alizichapa upya, na mwaka 1905 zikatolewa katika gazeti la picha la New York lililoitwa Camera Work. Leo zahifadhiwa katika nyumba za makumbusho za nchi nyingi.

Hill hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 17 Mei mwaka 1870, siku moja kabla ya kutimia miaka 27 tangu siku ile ya kutoka. Akazikwa Edinburgh, katika makaburi ya Dean, na juu ya kaburi lake imewekwa sanamu ya kichwa chake ya shaba nyeusi, iliyofanywa na mkewe. Hata ugomvi uliomsukuma umekwisha. Sheria ile ya wenye mashamba iliondolewa mwaka 1874, na mwaka 1929 sehemu kubwa ya waliotoka walikuwa wamerudi katika ushirika mmoja na Kanisa la Uskoti. Lakini nyuso ziko. Mchungaji aliyeiacha nyumba yake mwaka 1843 angali anatutazama, shavu juu ya mkono wake.

Wasomaji wengi, hasa vijana na wainjilisti, siku hizi wana kamera katika simu zao, nao huombwa kupiga picha za usharika. Yako mambo wawezayo kujifunza kwa Hill, na mengine sharti wayabadili kwa ajili ya nchi yetu. Huko Edinburgh jua halifiki utosini hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo Hill aliweza kufanya kazi adhuhuri. Kwetu, saa sita mchana jua husimama juu ya kichwa, na macho ya watu huwa mashimo mawili meusi. Afadhali saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, nuru ijapo kwa upande; na kama haiwezekani, basi watu wakae kivulini karibu na ukingo wake, chini ya mwembe au barazani, nyuso zao zikielekea penye mwangaza. Ukuta mweupe, au shuka nyeupe iliyoshikwa na mtoto, hufanya kazi ya kioo cha Hill. Uso mweusi penye jua kali hupotea ikiwa nyuma yake pana ukuta unaong’aa. Mweke mtu mbele ya majani au mlango wenye giza, na sura yake itatokea. Juu ya yote, usimharakishe. Mpe mahali pa kutuliza mkono wake.

Tena tusiwangoje wakuu tu. Katika kila usharika wako wazee waliobatizwa zamani, walioleta mawe ya msingi wa kanisa vichwani mwao, na wanawake walioimba kabla hapajakuwa na vitabu vya nyimbo vya kutosha. Siku za mazishi yao hutafutwa picha, haionekani hata moja. Au huonekana moja iliyokatwa katika picha ya arusi ya mtu mwingine. Hill aliwaona watu wake wakitawanyika, akaenda kwa mwenye kamera mara moja, wala hakungoja mpaka ajue kazi yote. Nasi tunaye jua kila siku, tena bila malipo. Jumapili moja baada ya ibada, mzee na aletewe kiti, awekwe ukingoni mwa kivuli, aulizwe jina lake kamili na mwaka wa ubatizo wake, nayo yaandikwe nyuma ya picha.